Maziwa yana dawa, na mwenye ng'ombe ndiye aliyenilipia karo

BARUA

Mshauri,

Mimi ni mpima maziwa katika kituo cha ushirika upande wa Njoro, hapa kaunti ya Nakuru. Naomba kituo chenyewe usikitaje. Kazi huanza saa kumi na moja alfajiri. Mkulima akifika nafungua mtungi, nanusa, natazama rangi, kisha nachukua mililita 2 za maziwa nachanganya na alkoholi kiasi hicho hicho. Yakiganda, hayaingii. Nikishuku maji nashusha laktomita. Yakipita napima kilo, naandika kitabuni, natia sahihi, yanamiminwa kwenye tangi la kupoozea. Siku ya kawaida tunapata kama lita 2,800 kutoka kwa wanachama 310, kwa shilingi 47 lita, na lori la kiwanda hufika saa nne asubuhi.

Katika vipimo hivyo hakuna kinachoonyesha dawa ya ng'ombe. Vipo vijiti vya kupimia dawa, ila meneja anasema ni ghali, na kasha tulilo nalo ni la kupima tangi tu, tena si kila siku. Kiwanda kikikuta dawa, lori zima hurudishwa na hakuna anayelipwa siku hiyo. Kituo kimoja jirani kilipatwa na hilo.

Sasa yangu ni haya. Kuna mama jirani yetu, nimwite Mama Wambui ingawa si jina lake. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, yeye ndiye aliyenilipia karo mpaka nikamaliza, kwa maziwa hayo hayo. Leo ni mjane, ana ng'ombe wawili na wajukuu watatu anaowasomesha. Wiki iliyopita nilipitia kwake jioni nikaona tyubu za dawa ya chuchu kwenye dirisha la jikoni. Hakuficha. Aliniambia ng'ombe mmoja alipatwa na mastaitisi, ugonjwa wa kiwele, chuchu ya nyuma, akamtia tyubu siku tatu, maziwa ya chuchu ile akawa anamwaga na ya zile tatu nzima analeta kituoni. Nilirudi kitabuni nikaona ni kweli, lita 10 kila asubuhi, sahihi ni yangu, niliyapokea bila kujua. Na jana ameniambia ng'ombe wa pili ameanza kuvimba kiwele, atamwanzia dawa wiki hii.

Kuna jambo lingine linaloninyima usingizi. Mama mmoja hununua kwetu lita 40 kila siku atengeneze mala, yaani maziwa ya mgando, auze mjini. Wiki ile ile mala yake haikushika, mara mbili. Alikuja kulalamika, meneja akamwambia chachu yake imechoka.

Nilimuuliza meneja juu juu, bila kutaja mtu: mkulima akileta maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa, tufanyeje? Akacheka. "Lita 10 ndani ya 2,800 ni nini? Na kiwandani si yanachemshwa?"

Binti ya kaka yangu anasoma Chuo Kikuu cha Egerton, na muhula huu anasoma maadili. Nilimweleza, naye akaniambia, "Shangazi, inategemea nadharia." Kwa wanafalsafa kina Bentham na Mill, wanaopima tendo kwa matokeo yake, anasema, ninyamaze, kwa sababu hasara ya mjane ni kubwa na madhara kwa kila mnywaji ni madogo mno. Kwa Kant, nimshtaki hata kama ni mama yangu mzazi, kwa kuwa ukweli ni ukweli. Kwa Aristotle, nifanye vile mtu mwema angefanya, na hapo ndipo nilipopotelea kabisa, maana mtu mwema simjui angefanya nini, ningemjua nisingeuliza.

Nikisema, kijiji kizima kitaniambia fadhila za punda ni mateke. Nikinyamaza, kila nikitia sahihi mkono unakuwa mzito. Niambie, ni nadharia ipi niifuate?

Mpima, Njoro

JIBU

Dada yangu Mpima,

Umeandika kama mtu ambaye tayari ametazama pande nyingi za jambo hili, na nimekusoma zaidi ya mara moja. Nikikuelewa vizuri, unaona milango miwili tu: kumshtaki mtu aliyekusomesha, au kutia sahihi juu ya maziwa unayoyashuku. Na unataka nadharia moja ikusukume kwenye mlango mmoja, ili uzito usiwe wako peke yako. Ni haki kutamani hivyo. Lakini niruhusu nianze na maziwa kabla ya wanafalsafa, kwa sababu majibu yote matatu ya binti yetu yamejengwa juu ya mambo ambayo hakuna aliyeyakagua.

La kwanza ni hilo la kuchemsha. Joto la kiwandani huua vijidudu, na penisilini, tukichukulia ndiyo dawa ya tyubu hizo, si kijidudu. Sehemu kubwa yake hubaki ilivyokuwa baada ya maziwa kuchemka. Kwa hiyo nusu ya jibu la meneja inaanguka hapo.

La pili ni hizo lita 10 ndani ya 2,800. Kikomo kinachotumika kimataifa kwa penisilini katika maziwa ni mikrogramu 4 kwa kila kilo. Zidisha kwa 2,800 upate mikrogramu 11,200, yaani miligramu 11 hivi. Hizo zatosha kufikisha tangi lenu lote kwenye kikomo. Tyubu moja ya chuchu mara nyingi hubeba mamia ya miligramu za dawa, na sehemu nzuri ya dawa hiyo hutoka katika ukamuaji wa kwanza na wa pili baada ya kuitia. Kuchanganya kunapunguza, ndiyo, ila dawa yenyewe ni kali kuliko akili ya kawaida inavyokisia.

La tatu ni gumu zaidi, na ndilo ninaloomba ulitazame kwa makini: hizo chuchu tatu nzima. Umeliandika kwa kupita, kama udhaifu mmojawapo katika utetezi wake. Mimi naliona ndilo kiini cha suala lenu. Mama Wambui ana sehemu ya ukweli: kiwele kina vyumba vinne, na maziwa ya chumba kimoja hayavuki kwenda kingine. Kinachovuka ni dawa, kwa njia ya damu. Ndiyo maana maelezo ya tyubu husema maziwa ya chuchu zote yatengwe, hata kama iliyotibiwa ni moja. Kiasi kinachofika kwenye zile tatu ni kidogo sana kikilinganishwa na iliyotiwa dawa. Lakini ongeza mkono ule ule na ndoo ile ile: matone machache ya chuchu iliyotibiwa yakiangukia kwenye ndoo, hesabu ya miligramu inabadilika.

Maana yake ni nini kwako? Kwamba mama huyu amekuwa akimwaga maziwa ambayo angeweza kuyauza, kwa hasara yake, akiamini ndivyo inavyotakiwa. Hicho si kitendo cha mtu anayewadanganya wanywaji. Umeandika "kumshtaki". Je, kuna wa kushtakiwa hapa, au kuna mtu ambaye hajawahi kusomewa maandishi madogo ya karatasi iliyokuja na dawa?

Vile vile kuhusu mala. Penisilini kidogo tu huzuia chachu isifanye kazi, kwa hiyo una haki ya kushuku. Lakini mala hukataa kushika kwa sababu nyingine pia: sabuni au klorini iliyobaki kwenye chombo, chachu iliyozeeka, usiku wa baridi wa Njoro. Na wakulima 309 wengine nao wana ng'ombe wanaougua. Usimbebeshe Mama Wambui lita zile zote kabla hujajua. Kama unataka fununu ya bei nafuu, chukua maziwa yake na ya ng'ombe usiyemshuku, nusu lita kila moja, kwa vyombo vilivyooshwa sawasawa. Chemsha yote mawili, yaache yapoe hadi kama nyuzi 25, tia chachu ile ile kwa kipimo kile kile, weka mahali pamoja saa 16 hadi 18. Moja likishika na jingine likabaki maji maji, umepata dalili. Si ushahidi wa kumpeleka mtu kwenye kamati; ni dalili tu, na chombo kikishika hakikuthibitishii kwamba dawa haimo kabisa.

Sasa twende kwa wanafalsafa wa binti yetu, na umwambie nimefurahi kwamba alikaa na shangazi yake kuzungumza haya.

Bentham na Mill wanataka tuhesabu, basi tuhesabu kweli. Hasara ya Mama Wambui akitenga maziwa ya ng'ombe mmoja ni siku 3 za dawa pamoja na siku za kungoja dawa iishe kwenye maziwa. Tuchukue 3, ingawa idadi sahihi ni ile iliyoandikwa kwenye tyubu. Siku 6, lita 10, shilingi 47: ni shilingi 2,820. Lori likirudishwa ni lita 2,800 kwa 47, yaani shilingi 131,600, kama 424 kwa kila mwanachama. Ukilinganisha fedha kwa fedha, uwezekano wa lori kurudishwa ukizidi 2 kwa 100, kunyamaza kunaligharimu kundi zaidi ya kunavyomwokolea yeye. Hapo sijaweka mala ya yule mama, wala mnywaji mwenye mzio wa penisilini, wala vijidudu vinavyojifunza kuizoea dawa ambayo kesho mtoto wa mtu ataihitaji. Kwa hiyo si kweli kwamba wahesabuji wanakuambia unyamaze.

Lakini pia hawakuambii kirahisi useme. Wao wenyewe wanakubali kwamba shilingi 2,820 kwa mjane mwenye wajukuu watatu ni nzito kuliko 424 kwa mtu mwenye ng'ombe wanane. Na kuna jambo ambalo hesabu nyingi za darasani hulisahau: maziwa yaliyokataliwa kituoni hayapotei. Saa moja baadaye mchuuzi wa bodaboda anayachukua kwa shilingi 40 na yanaingia kwenye chai ya hoteli, bila kuchanganywa na lita elfu mbili za wengine. Ukimkataza mlangoni bila mpango mwingine, huenda umeyahamisha madhara kwa watu wachache wasio na kipimo chochote.

Kuhusu "madhara madogo mno kwa kila mnywaji", kuna Mwingereza mmoja, Derek Parfit, aliyeichambua hoja hiyo mwaka 1984. Alituomba tuwawazie watesaji elfu moja, kila mmoja akibonyeza kitufe kinachowaongezea wafungwa elfu moja maumivu madogo kiasi ambacho hakuna anayehisi tofauti. Wakishabonyeza wote, wafungwa wanaumia vibaya. Kila mtesaji anaweza kuapa kwamba yeye hakumwumiza mtu. Parfit alisema kosa liko katika kuuliza "changu kimeongeza nini?" badala ya "sisi kwa pamoja tumefanya nini?" Tangi la ushirika, dada, ni mfano huo huo kwa maziwa. Lakini angalia hoja hiyo inamwelekea nani. Inawaelekea wanachama 310 na meneja wao. Haimtafuti mmoja wa kumtwika.

Kant naye ameelezwa nusu. Ni kweli kwamba mwaka 1797 aliandika kuwa usiseme uongo hata muuaji akibisha mlango akimtafuta rafiki yako. Wengi, hata wafuasi wake, wameona hapo alikaza mno. Lakini kusema uongo na kutosema kila unachokijua ni vitu viwili, na Kant alivitofautisha. Hakuna mahali anapokuagiza uzunguke ukimtaja mtu. Anachokuzuia kwa nguvu ni kutoa kauli ya uongo, na kauli yako ni sahihi. Kwa hiyo nakushauri jambo dogo la karani: kesho soma kilichochapishwa juu ya mstari wa sahihi. Kama panasema maziwa yamepita harufu, alkoholi na laktomita, unatia sahihi juu ya kweli hata kama roho haitulii. Kama panasema maziwa ni salama, au hayana dawa, basi tangu siku unapojua, kila sahihi juu ya mtungi ule ni jambo tofauti kabisa na zile za wiki iliyopita ulizotia bila kujua. Kant angekuuliza pia kama unamtendea Mama Wambui kwa heshima. Kumtangaza mbele ya foleni ili wengine waogope ni kumfanya chombo cha kufundishia.

Aristotle nimwache. Umemjibu vizuri wewe mwenyewe.

Yupo mmoja ambaye hakutajwa, na ningependa binti yetu amtafute maktabani: Ross, Mskoti aliyefundisha Oxford na kuandika mwaka 1930. Yeye hakuamini kwamba wajibu wote unatoka kwenye chemchemi moja. Alisema tuna wajibu wa aina nyingi: kutimiza ahadi, kulipa fadhila, kurekebisha tulichoharibu, kutenda haki, kutodhuru. Zinapogongana hakuna mizani ya kimashine. Unazitazama zote na kuamua ipi ina uzito zaidi safari hii. Ule uliozidiwa haufutiki, unabaki ukidai kitu. Naona huo ndio mkono wako mzito unapotia sahihi. Ukinyamaza, wanywaji na yule mama wa mala wanabaki wakikudai. Ukisema, Mama Wambui anabaki akikudai.

Kwa hiyo nikuulize kuhusu karo. Deni hilo ni la kweli na sitakuambia ulisahau. Lakini alikulipia kutoka mfukoni mwake. Unapofikiria kumlipa kwa ukimya, unalipa kutoka kwa nani? Na je, ungeweza kumlipa kwa njia inayokugusa wewe, kwa mfano kubeba sehemu ya hizo 2,820? Nasema sehemu, kwa sababu ukizibeba zote kwa siri, ng'ombe akiugua tena mwezi ujao utakuwa umejiwekea mshahara wa kumlipa.

Na kuna Henry Odera Oruka, mwenzetu wa huku magharibi, mzaliwa wa Ugenya kule Siaya, aliyefundisha falsafa Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995. Alishikilia kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha usalama, afya na riziki, na kwamba aliyesukumwa chini ya kiwango hicho ni vigumu kumdai atende kama mtu huru anayepima mema na mabaya. Ukimsoma kwa haraka utadhani anamtetea Mama Wambui. Anamtetea, lakini afya ya mtoto anayekunywa maziwa hayo nayo imo ndani ya kiwango kile kile. Anachokiondoa Oruka ni ile raha ya kumwambia mjane "fuata kanuni" kisha kwenda zetu. Kanuni inayomgharimu mtu chakula cha wiki inawadai walioiweka wamwekee na njia ya kuitimiza.

Basi tuitazame milango upya, maana naona ni zaidi ya miwili, na kila mmoja una upepo wake.

Wa karibu ni kwenda kwake kabla hajaanza dawa, jioni, si kwenye foleni, na si ukiwa na koti la kituo. Usianze na mala wala lori. Mwombe akuonyeshe tyubu, msome pamoja: siku za kungoja ni ngapi, na kwamba zinahesabiwa kuanzia tyubu ya mwisho, si ya kwanza. Hapo ndipo wengi hukosea. Akitumia na sindano ya dawa nyingine juu yake, fuateni muda ulio mrefu zaidi, na mumuulize daktari wa mifugo, kwa kuwa dawa mbili pamoja huweza kurefusha muda. Mfungie ng'ombe huyo kitambaa chekundu mguuni, ili hata mjukuu akikamua ajue. Akamuliwe wa mwisho, kwa ndoo yake. Andikeni saa ya tyubu ya mwisho kwa chaki mlangoni mwa zizi. Ndama asilishwe maziwa hayo kama inawezekana. Ni desturi ya wengi, lakini huwazoesha vijidudu vya tumboni mwake dawa. Hatari ya njia hii ni mbili: akikubali mbele yako na kumwita mchuuzi ukishaondoka, au akikubali kwa aibu na ujirani wenu ukapoa. Ya kwanza huwezi kuizuia peke yako. Ya pili inategemea zaidi ulivyoingia kuliko ulichosema.

Mlango wa pili ni kudai kanuni kabla ya kutaja jina. Meneja akikuuliza "ni nani?", una haki ya kujibu kwamba unaulizia utaratibu. Utaratibu wenyewe unawezekana. Kila mkulima atolewe sampuli ya mililita 50 yenye namba yake, ikae kwenye nyuzi 4 hadi jibu la tangi litoke. Tangi likionyesha dawa, changanya sampuli za nusu ya wanachama upime, kisha nusu ya nusu, hivyo hivyo: kutoka 310 hadi mtu mmoja ni vijiti 9. Hufeli kwa njia tatu. Ukichota kiasi sawa kwa kila sampuli, mwenye lita 60 anafifia kati ya wenye lita 5, kwa hiyo chota kwa uwiano wa lita alizoleta. Wakiwa wakosaji wawili, nusu zote mbili zaweza kuonyesha dawa na vijiti vinaongezeka. Na kama kijiti kinachukua dakika 10, mara 9 ni saa moja na nusu, wakati lori lenu halisubiri. Kuna pia swali la nani ataosha chupa 310 kila siku, na najua jibu ni wewe. Vituo vingine vingeanza na sampuli ya kila njia ya kukusanyia maziwa badala ya kila mtu. Faida yake kimaadili ni kwamba kila mtungi unaulizwa swali moja, wa mjane na wa mwenyekiti.

Mlango wa tatu unahusu fedha, na unastahili nafasi kwenye mkutano wa wanachama. Wakikubali kukatwa senti 10 kwa lita, ni shilingi 280 kwa siku, 8,400 kwa mwezi: inakaribia kutosha kuwafidia wakulima watatu walio katika hali ya Mama Wambui. Kwa wanachama 310, wagonjwa wa kiwele watakuwa zaidi ya watatu, kwa hiyo mtalazimika kupanda hadi senti 20, au kulipa nusu bei tu. Nusu bei ina busara nyingine: hakuna atakayetamani ng'ombe wake augue. Dai lije na cheti cha daktari wa mifugo, lisilipwe baada ya dawa kugunduliwa bali kabla, na kila ng'ombe awe na idadi ya mwisho kwa mwaka. Mfuko wa aina hii hufa kwa sababu mbili zinazojulikana: mweka hazina kuukopesha, na wenye ng'ombe wengi kuumaliza Januari. Wekeni kikomo kwa mkulima, si kwa ng'ombe pekee.

Mlango wa mwisho, kwenda nje, kwa ofisi ya mifugo ya kaunti au Bodi ya Maziwa Kenya, upo. Sikuwekei haraka. Ukiupitia kabla ya hiyo mingine, kuna hatari lawama itue kwa mwenye lita 10 huku utaratibu uliomruhusu ukibaki ulivyo. Lakini kama meneja atakuagiza waziwazi utie sahihi juu ya maziwa unayojua yana dawa, jambo limegeuka, na hapo weka maagizo hayo kwa maandishi.

Hujaniambia kama Mama Wambui anajua kwamba unajua uzito wa jambo hili. Huenda yeye mwenyewe ndiye angependa kusimama mkutanoni aseme, "Mimi nilimwaga chuchu moja nikadhani inatosha." Huwezi kumwamulia hilo, wala mimi.

Ukienda kwake, jambo moja usilisahau. Geuza tyubu uone kama ni ya ng'ombe anayekamuliwa au ya ng'ombe aliyekaushwa, yaani aliyeachishwa kukamuliwa. Huchanganywa dirishani kwa agroveti, duka la dawa za mifugo, na kwa jicho zinafanana. Ile ya ng'ombe aliyekaushwa imetengenezwa ikae kiweleni kwa majuma, na kama ndiyo aliyotumia, hesabu ya siku 6 niliyoifanya hapa haifai kitu. Mpigieni daktari wa mifugo jioni hiyo hiyo, kabla ya ukamuaji wa asubuhi.